MGB inakusumbua? Kabureta iache kwanza

Nianze na ujinga wangu mwenyewe maana nimeulipia. MGB, ile gari ndogo ya michezo ya kampuni ya MG, yangu ni ya 1970, ya wazi, zile za bampa za kromu, naiendesha huku huku Uingereza ambako zilizaliwa, pale Abingdon jirani na Oxford, walizitoa toka 1962 mpaka 1980 na zilipita laki 5, ndo maana spea zake mpaka leo huhangaiki kuzipata. Kiangazi changu cha kwanza nayo asubuhi ilikua inawaka vizuri tu, natembea kama dakika 20, inakata. Kimya. Nakaa pembeni ya barabara nusu saa, napiga stata, inawaka utadhani haijafanya kitu. Nikaipeleka kwa fundi mmoja, akafungua kabureta zote mbili, akabadilisha jeti, sindano na gasketi, akanipa bili nikakosa usingizi. Siku ya tatu gari ikakata kwenye kilima kilekile. Tatizo kumbe kondensa, kile kikopo kidogo cha ndani ya distributa (kile kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi) ambacho bei yake haifiki hata chakula cha mchana.

Kwa hiyo mpangilio wangu ndo huu na siuvunji: cheche kwanza, halafu mafuta yanafika au hayafiki, halafu hewa, kabureta mwisho kabisa. Na unabadilisha kitu kimoja, unaijaribu gari, ndo unaenda kingine. Ukibadilisha vitu vitano kwa mpigo gari ikapona hujui kilichoiponya, na isipopona ndo balaa maana sasa una vitu vitano vipya vya kushuku.

Inakata ukiwa barabarani

Hapa kuna kitu kinakupa jibu bure, ni mshale wa RPM. Gari ikikata usikimbilie kukanyaga klachi, iache kwenye gia sekunde mbili tatu uangalie mshale. Matairi bado yanaizungusha injini kwahiyo mshale ungetakiwa ushuke polepole pamoja na mwendo. Ukiuona umedondoka sifuri ghafla na gari bado inatembea, basi umeme unaoenda kwenye koili na distributa umekatika, iwe ni waya, swichi, pointi (kile kiswichi kidogo ndani ya distributa kinachokata na kuunganisha umeme wa koili) au koili yenyewe inayotengeneza umeme mkubwa wa cheche. Ukiuona unashuka taratibu na kabla ya hapo gari ilikua inakohoa, inavuta, inakohoa, hapo mafuta hayafiki.

Kama inakata ikipata joto na kurudi ikipoa, shuku kondensa halafu koili. Kinachofanyika ni kwamba kondensa ikichoka ndani, joto linaiua kabisa, ikipoa inafufuka, na ndo maana ukifika kwa fundi haoni kitu. Cha kufanya ni kuipima palepale ilipokufa. Mimi natembea na plagi moja ya zamani kwenye buti, nachomoa waya wa plagi, naichomeka hiyo, nailaza igusane vizuri na chuma cha injini, mwenzangu anapiga stata. Cheche ikiwa ya bluu na unaisikia inalia tak tak uko salama, ikiwa nyembamba ya njano au hamna kabisa umeshajua ni upande gani. Hakikisha tu hakuna petroli imemwagika hapo karibu, na waya usiushike kwa mkono mtupu, utarushwa.

Halafu kuna rota, kile kipande kinachozunguka ndani ya distributa. Rota nyingi mpya za bei rahisi zina ribiti ya chuma inayopita katikati ya plastiki, na umeme badala ya kwenda kwenye plagi unatoboa njia unashukia kwenye shafti ya distributa. Unainunua mpya, unaifunga, gari inakua mbaya kuliko jana, na wewe huwezi kuishuku maana ni mpya! Kuipima ni rahisi, toa kofia ya distributa, chukua waya mnene unaotoka kwenye koili, ushike kwa koleo yenye mpira mzuri, uusogeze milimita chache juu ya shaba ya rota wakati mtu anapiga stata. Cheche ikiruka kwenda kwenye rota maana yake rota inavuja, itupe. Nunua zile zisizo na ribiti, na ile ya zamani kama ilikua nzima usiitupe, iweke kwenye dashibodi.

Ikisimama inanguruma vizuri ila ukigusa mafuta inamisi

Hii iliwahi kunipotezea wikiendi nzima. Ndani ya distributa kuna kawaya kafupi kalaini kanakopeleka umeme kwenye pointi, na kengine ka athi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari) kanakoshika ile sahani ya pointi. Ukikanyaga mafuta ile vakyumu inaivuta sahani, vikawaya vinakunjwa, na baada ya miaka 50 ya kukunjwa nyuzi za ndani zimekatika ila ganda la nje linaonekana zima kabisa. Vute kwa vidole taratibu. Kikivutika kama mpira, kimekufa.

Ukiwa hapohapo pima pointi, zinatakiwa ziachane milimita 0.35 mpaka 0.40, na ujue kila ukigusa uwazi wa pointi umegusa na taimingi, yaani wakati cheche inapopiga, kwahiyo taiming unaipima baada yake, sio kabla. Plagi ni milimita 0.6 hivi. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2 na rota inazunguka kinyume cha saa, nasema hivi kwasababu nimeshamuona mtu kapanga waya kama saa inavyozunguka halafu anailaani gari.

Stata haizungushi, au inasema tik tu

MGB za kabla ya mwishoni mwa 1974 zina betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, chini ya kifuniko, mahali ambapo hakuna mtu anaangalia mpaka siku gari igome. Waya unaoziunganisha hizo mbili unaota ule unga mweupe. Mimina maji ya moto juu ya ule unga, piga brashi ya waya, kaza, paka vaselini, nusu ya kesi za betri mbovu zinaishia hapo. Siku hizi wengi wanaweka betri moja ya volti 12 upande mmoja na hesabu yao iko sawa tu.

Sasa hii ya pili ndo kiboko. Injini imekaa kwenye mipira, kwahiyo kuna mkanda wa athi unaoiunganisha injini na bodi. Mtu akishusha injini akasahau kuurudisha, umeme wa stata unatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na njia yenyewe inakua kebo ya choki au ya mafuta. Ukipiga stata halafu ukaona kebo ya choki inatoa moshi, au ukiigusa inachoma, usiguse stata tena, tafuta ule mkanda.

Na kabla hujambusti mtu au hujabustiwa, angalia betri imefungwa vipi. Za toka 1962 mpaka 1967 kiwandani zilifungwa chanya ndo athi, kinyume cha magari yote uliyoyazoea. Nyingi zimeshageuzwa ila sio zote na hakuna mtu anaandika kibao. Ukichomeka redio ya kisasa au chaja ya simu kwenye ile ambayo haijageuzwa utasikia harufu tu.

Watu wanapenda sana kuwasema Lucas, ile kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya hizi gari, kuna utani mwingi, mimi naona wanawaonea. Waya zenyewe huwa hazina shida. Shida ni zile joini za risasi, vile vishikizo vya mviringo vinavyosukumizwa ndani ya kibomba cha mpira, vinaota kutu ya kahawia, taa inakua hafifu, indiketa inawaka upande mmoja haraka mwingine polepole, ukifunga breki indiketa nayo inapepesa. Ukiona taa mbili zinafanya uhuni pamoja usihangaike na balbu, tafuta athi yao, ichomoe, isugue mpaka shaba ing'ae, irudishe.

Stata inazungusha vizuri, cheche ipo, haiwaki

Washa swichi bila kupiga stata, zima redio, sikiliza nyuma. Pampu ya petroli, ya kampuni ya SU, inagonga tik tik tik tik, inapunguza, inanyamaza. Ukishaizoea hiyo sauti utaisikiliza kila asubuhi bila hata kujijua.

Isipogonga kabisa: pointi za pampu zimeganda, hasa kama gari imelala miezi. Ipo chini nyuma upande wa kulia karibu na tairi, igonge kidogo na mpini wa bisibisi, kidogo jamani, sio nyundo. Ikianza ujue imekupa taarifa tu, itarudia, na itachagua siku ya mvua. Kabla hujanunua nyingine angalia waya zake mbili na athi yake, zinakula maji ya tairi kila siku.

Ikigonga haraka bila kunyamaza: ama tenki ni tupu (usicheke, geji ya mafuta ya hizi gari inadanganya), ama inavuta hewa kwenye paipu kabla ya pampu, ama petroli inamwagika mbele kwasababu sindano ya bakuli la kabureta imeshikwa na uchafu. Fungua boneti unuse. Ikiwa inatiririka kwenye kibomba cha pembeni cha bakuli, zima, gonga bakuli taratibu, jaribu tena.

Ikigonga moja baada ya muda mrefu, halafu gari inakufa mlimani: fungua kofia ya tenki. Ukisikia fyuuu hewa inaingia, kofia haipumui na pampu ilikua inashindana na tenki. Ikiwa sio hiyo, chomoa paipu ya petroli huku mbele, injini ikiwa baridi na hakuna mtu anavuta sigara mtaa mzima, iingize kwenye chupa ya nusu lita, washa swichi. Ijae ndani ya dakika moja bila tabu. Ikisuasua una filta chafu au paipu imeziba.

Paipu za mpira zenyewe zikague hata kama gari haina ugonjwa. Hapa Uingereza toka Septemba 2021 petroli ya kawaida ni E10, inaweza kuwa na ethanoli mpaka asilimia 10, na ethanoli inaila mipira ya zamani kuanzia ndani. Paipu nje ni nzima, ndani inakua kama ugali uliolala, inabomoka na vile vipande ndo vinaziba sindano. Badilisha zote kwa zile zilizoandikwa zinastahimili ethanoli, na mimi naweka ile petroli ya bei ya juu ya E5, yenye ethanoli kidogo zaidi, sio kwa ufahari.

Inachemsha

Kwanza usifungue kofia ya rejeta ikiwa ya moto. Najua unajua. Usifungue.

Angalia feni belti, ukiibonyeza katikati ya ule urefu mkubwa ishuke kama upana wa kidole, ikiwa imelegea maji hayazunguki vizuri na altaneta nayo haichaji. Halafu thamostati, ya kawaida ni ya nyuzi 82, itoe, iweke kwenye sufuria ya maji jikoni uone inafunguka au haifunguki. Kuna mafundi wanaitoa moja kwa moja wanasema gari itapoa, inaweza kupoa kweli, ila injini inafanya kazi baridi, inakula petroli na oili inachafuka, na ugonjwa wa kweli umebaki palepale. Taimingi iliyochelewa pia inachemsha, tumerudi kwenye distributa, unaona?

Ikichemsha kwenye foleni tu ila barabarani inatulia, ni hewa haipiti, shuku feni na rejeta. Ikichemsha ukienda kasi tu, maji hayapiti, rejeta imejaa tope ndani, na silinda bloki ya chuma ya hizi injini inahifadhi tope nyuma kule karibu na silinda ya 4. Itolee maji, ipigie maji kwa nyuma kwenda mbele mpaka yatoke meupe. Aliyeko Mombasa au Dar na joto lile atalijua hili mapema kuliko mimi huku kwenye baridi.

Ukiona maji yanapungua bila kuvuja, mapovu kwenye rejeta injini ikinguruma, moshi mweupe mtamu, hiyo ni gasketi ya silinda hedi, hakuna njia ya mkato. Ila ute mweupe chini ya kofia ya oili peke yake usikutishe, ukiendesha safari fupi fupi za dukani kipindi cha baridi unyevu unajikusanya tu. Ipeleke safari ya saa nzima uangalie tena.

Oili

Presha ya oili injini ikiwa na joto unatembea inatakiwa iwe kati ya psi 50 na 80, ikiwa imesimama inanguruma tu ikishuka mpaka 15 au 20 usiite ambulensi. Asubuhi ukiwasha geji ikachelewa sekunde kadhaa kwenye zile zenye filta iliyopinduliwa kichwa chini ni kwamba filta imemwaga oili yake usiku, nunua filta yenye valvu nzuri ya kuizuia. Weka 20W-50, hizi injini zilizaliwa nayo, yale maoili mepesi ya magari ya kisasa yatakupunguzia presha na kukuongezea madoa sakafuni. Na gia boksi yenye sinkro kwenye gia zote nne, kuanzia mwishoni mwa 1967, inatumia oili hiyohiyo ya injini, na ukiwa na ovadraivu (kile kifaa cha nyuma ya gia boksi kinachopunguza mizunguko ya injini ukienda kasi) inashea oili na gia boksi, kwahiyo ovadraivu ikianza kusita kuingia angalia kwanza kiwango cha oili, halafu waya na swichi yake, kabla ya kumsikiliza mtu anayetaka kuifungua.

Kuvuja oili: zote zinavuja kidogo. Ila ikianza kuvuja kila mahali kwa mpigo usikimbilie gasketi, kagua zile paipu za kupumulia injini. Zikiziba, presha ya ndani inatafuta pa kutokea.

Na kipaipu cha mpira kinachopeleka oili kwenye geji, kikague. Kikipasuka injini inamwaga oili yote barabarani wakati wewe unaimba.

Gia zinakwaruza, klachi imeenda chini

Ikiwa pedali ni laini na inapona ukiipampu, hidroliki inavuja au ina hewa, angalia silinda ndogo ya chini kwenye gia boksi, ina mpira wa vumbi, ufunue uone kama umelowa. Ikiwa hakuna kinachovuja na gia bado zinakwaruza, kuna kipini kinachounganisha pedali na fimbo ya silinda kuu, kinalika na tundu lake linakua yai, ukikanyaga sentimita kadhaa za mwanzo zinapotea bure. Kipini ni hela ndogo. Watu wameshusha injini nzima kwasababu ya kipini. Na usiegeshe mguu kwenye klachi ukiwa kwenye taa, bearingi yake ni ya kaboni, inalika kama penseli.

Klonki nyuma, stiaringi nzito

Klonki moja kila ukianza kuondoka au ukiachia mafuta, na gari yako ina ringi za spoku: nyanyua nyuma, vuta hendbreki, mwenzio akanyage breki, shika tairi uijaribu kuizungusha mbele na nyuma. Ikicheza, yale meno ya ndani ya ringi yamelika. Yakifika kuwa na ncha kama msumeno hayo hayasubiri, siku moja injini itazunguka na tairi halitazunguka, na breki ndo hivyohivyo. Yapake grisi kila ukitoa ringi. Isipocheza, angalia jointi za propela shafti.

Stiaringi ikiwa nzito na hairudi yenyewe baada ya kona, kingpini, zile nguzo zinazogeuzia matairi ya mbele, zimekauka. Zina nipo za grisi na kitabu kinasema kila maili 3,000, watu wanakumbuka kila mwenye gari akibadilika. Nyanyua mbele matairi yaning'inie ndo upige grisi, ikiwa chini uzito unaziba njia.

Breki ikivuta upande, kalipa ya upande wa pili imeganda au paipu ya mpira imevimba ndani. Maji ya breki badilisha kila miaka miwili hata kama gari haitembei, yananyonya unyevu. Hapa gari lenye zaidi ya miaka 40 toka Mei 2018 halilazimishwi tena ukaguzi wa mwaka, watu wanafurahia, mimi bado naipeleka na nalipa kwa hiari maana yule jamaa anainyanyua juu na kuchokonoa zile sili za chini ya milango, na hii gari haina chesi, bodi ndo chesi, chumvi ya barabarani ya kipindi cha baridi inakula hapo kimyakimya.

Sasa kabureta

Umepima cheche, petroli inafika, valvu umeziseti, gari bado haijatulia. Haya, fungua boneti.

Kwanza oili ya juu ya kabureta, zile kofia mbili nyeusi. Ongeza oili mpaka ukirudisha kofia uhisi imekukataa kidogo kabla nyuzi hazijashika. Zikiwa kavu gari inakwama ukikanyaga ghafla, na hiyo ndo tiba nzima, hakuna ya ziada.

Halafu hewa. Pulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye gasketi na kwenye ncha za shafti ya throto, mlio ukibadilika hewa inaingia hapo na huwezi kutyuni tundu.

Halafu chukua kipande cha paipu ya maji, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta ya mbele, sikiliza inavyopiga msss, hamia ya nyuma. Zikitofautiana, legeza klampu za shafti inayoziunganisha, rekebisha skrubu mpaka msss zifanane. Mwisho mchanganyiko: nyanyua pistoni ya kabureta kwa kile kipini cha chini, chini ya milimita 1 tu. Mlio ukipanda na kubaki juu, petroli nyingi. Injini ikitaka kufa, petroli kidogo. Ukipanda kidogo halafu ukatulia, acha hapohapo. Nati ya jeti unaigeuza upande mmoja tu wa nati kwa wakati mmoja, na kabla hujaigusa andika kwenye karatasi ilikua wapi, yangu mimi niliiandika kwa chokaa chini ya boneti na mpaka leo bado inasomeka.